Kuku Kwenye Bajeti ya Miti

Mimi napenda bajeti. Nasema hivi bila aibu, ingawa nimeona watu wakisogeza viti nikilitaja jambo hilo harusini. Napenda kuona mvua, miche, majembe na ubishi wa watu vikikaa kwenye jedwali moja, kila kitu na mstari wake. Kazi yangu ni kuratibu mipango na bajeti za kurudisha uhai wa mito, vilima na ufuo katika kaunti za Homa Bay na Migori. Kina mama wenye vitalu vya miche huleta mahitaji yao, vyama vya watumiaji maji huleta yao, watu wa visiwani huleta yao, nami nakaa katikati nikikata hapa na kuongeza pale hadi wote waninunie sawasawa. Mama yangu huwaambia majirani kwamba binti yake anapanda miti kwa kompyuta. Sijawahi kumsahihisha, maana hajakosea sana.

Mwaka huo kulikuwa na mstari mmoja ulioninyima raha. Ulihusu mto mdogo unaopita kati ya Ndhiwa na Uriri, huku Homa Bay, kule Migori. Mimi ni mzaliwa wa huku. Mahali mto unapopinda, chini ya boma letu, kuna chemchemi ambayo nimeinywa tangu nijue kushika kikombe, na Mama huchota hapo mpaka leo. Lakini watu wamelima miwa hadi ukingoni kabisa. Kila mvua kubwa ikinyesha, ukingo unamegeka na matope yanaishukia chemchemi. Siku moja nilifika nyumbani nikamkuta Mama amepiga magoti, anakomba matope kwa sufuria ili maji yapate pa kutokea. Aliinua uso akaniuliza kama nimekula. Nilirudi kazini na hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Dawa ilijulikana. Kuondoa miwa kidogo kutoka ukingoni, kisha kupanda miti ya siala, mikuyu na mianzi pande zote mbili, mizizi ishike udongo. Miche ilikuwa tayari, mizuri, imenenepa kwenye vitalu vya kina mama. Fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni kukubaliana, na hicho hakinunuliwi dukani.

Shida ilikuwa mto wenyewe. Mafuriko ya miaka iliyopita yaliusukuma ukaacha njia yake ya zamani, na kati ya njia ile na hii ya sasa ukabaki ukanda wa ardhi. Watu wa Homa Bay wanasema ukanda ni wao, watu wa Migori wanasema ni wao. Na kwetu mti si mti tu. Wazee wakija kuamua kesi ya mpaka, swali la kwanza ni nani alipanda ule pale. Kwa hiyo yeyote ambaye angetangulia kuchimba shimo la mche kwenye ukanda ule angekuwa ameshinda kesi bila kwenda mahakamani. Kwenye jedwali langu kuna safu iliyoandikwa “Mwenye eneo”. Miradi mingine yote ilikuwa imejazwa. Hapo niliacha wazi.

Mkutano wa kwanza ulidumu muda wa kunywa chai tu. Nilisimama na karatasi zangu nikaeleza kwamba pande zote zitapanda pamoja, siku moja, kwa amani. Sijui nilidhani naongea na malaika. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yangu, alikuwa wa kwanza kuinuka.

“Hapana. Hao leo wanaleta mche, kesho wanaleta mabati. Nyarwa, wewe ni mtoto wetu. Mbona unatuuza?”

Nyarwa ni binti yetu kwa Kijaluo, na alilitamka kwa uchungu. Kabla sijajibu, mwenyekiti wa upande wa Migori, mwanamume mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, naye alisimama.

“Si mmesikia? Ni mtoto wao! Sasa hii plan itakuwa fair namna gani? Madam, tunakuheshimu, lakini hapo hapana.”

Nikatukanwa kwa adabu na pande zote mbili. Afisa wa misitu, Mkuria mpole ambaye kwa ajili yake mkutano ulifanyika kwa Kiswahili, alishindwa kufuata kwa sababu hasira ilipopanda watu walihamia Kijaluo. Aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanatusalimia.

Kamati yetu ina sheria kwamba mahali ambapo watu hawajakubaliana kufikia masika, fedha zinahamishwa kwenda kwa waliokubaliana. Sheria hiyo niliipigania mimi, na ni nzuri. Kulikuwa na kilima upande wa pili wa kaunti ambako watu walikuwa wamechimba mashimo tayari, wanasubiri miche tu. Kama mkutano wa pili ungevunjika, barua ya kuhamisha fedha ningeiandika mimi, kwa mkono huu, na mvua inayofuata ingemaliza kuizika chemchemi ya Mama. Sikuwa na namna ya kumpendelea. Ningemtazama vipi usoni mtu wa kilima kile?

Mkutano wa pili tuliufanya kwenye kanisa la mabati upande wa Migori. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika juu ya ziwa. Wanaume wa Homa Bay waliketi kushoto, wa Migori kulia, na nafasi katikati ungeweza kupitisha trekta. Baada ya saa moja hatukuwa tumesogea. Baba mdogo alisema babu yake alilisha ng'ombe kwenye ukanda. Mwenyekiti akasema babu yake mwenyewe ndiye aliyewafukuza ng'ombe hao. Nilikuwa nimeanza kukunja karatasi.

Ndipo wanawake walipoingia na chai na viazi vitamu. Mmoja wao, mke wa mwenyekiti, alikwenda moja kwa moja kushoto, akampita mumewe bila kumtazama, akaanza kuwamiminia watu wa Homa Bay.

“Eh!” mwenyekiti akalalamika. “Mimi nimekaa hapa na kiu, wewe unapelekea maadui chai?”

“Maadui wako ni kaka zangu,” alisema. “Ng'ombe wa mahari yangu ulipeleka kwa nani?”

Kanisa zima lilicheka. Hata baba mdogo alicheka, akapokea kikombe kwa mikono miwili kutoka kwa binti wa ukoo wake. Nikaangalia wale wanawake wakizunguka na mabirika. Yule alizaliwa kwetu ameolewa huku. Yule mwingine alizaliwa huku ameolewa kwetu. Ndiye aliyenisuka nywele nikiwa shule ya msingi. Na mimi je? Nimezaliwa ng'ambo, nimeolewa mji wa Migori. Watu hawa walikuwa wakioana tangu kabla mto haujahama, na mimi nilikuwa nimewapangia mpango kana kwamba hawajuani.

Nilisimama.

“Naomba kuuliza. Binti aliyeolewa akirudi kwao akapanda mti, huo mti unadai ardhi?”

Wanaume walitazamana. Mzee mmoja wa upande wa Migori akajibu kwa niaba ya wote. “Hapana. Binti hana ardhi kwao. Mti wa migogo haudai kitu.” Migogo ndilo jina la binti aliyeolewa, akiitwa na watu wa kwao.

“Na mtu anaweza kuung'oa?”

Hapo baba mdogo alishtuka kama nimetukana. “Nani ang'oe mti wa migogo? Huyo anatafuta nini?”

“Basi ukanda utapandwa na mabinti,” nikasema. “Wa pande zote mbili. Kila mmoja anarudi kupanda kwao.”

Nikamwona mwenyekiti akitafuta kasoro, akakosa, akatafuta tena. Mke wake hakumsubiri. Aliweka birika chini, akashika kiuno.

“Kumbe kunyimwa shamba kuna faida! Wacha tuitumie.”

Wanawake walipiga vigelegele hadi mabati yakaitikia. Nami nilicheka, lakini nitasema ukweli, kicheko changu kilikuwa na pilipili ndani yake. Tulikuwa tumeaminiwa kwa sababu tulihesabiwa si kitu. Mimi niliyesoma, mwenye jedwali la kaunti mbili, kwa baba yangu sina pa kusimika hata banda la kuku, ingawa Katiba inasema vingine. Nilijua hivyo siku zote. Siku hiyo iliniuma. Lakini mvua ilikuwa njiani, na nikaamua kukasirika baadaye.

Kabla hatujaweka sahihi, baba mdogo akainua kidole. “Kuna kitu. Migogo akirudi nyumbani hapokewi na soda na mkate kama watu wa semina. Anapikiwa. Na hatoki mikono mitupu.”

Upande wa Migori waliitikia kwa nguvu. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu nianze kuwajua, na ikawa mashindano papo hapo: nani atawapokea binti zake vizuri zaidi. Mwenyekiti akatangaza kuku. Baba mdogo akatangaza kuku na samaki. Bibi mmoja mkongwe aliyeketi karibu na mlango alicheka mpaka akafuta machozi, akasema katika ujana wake mwanamke hakuruhusiwa kula kuku hata bawa, na leo wanaume wanagombania kumlisha.

Kesho yake mhasibu wetu alinipigia kutoka Nairobi. Ni mtu makini, ananiamini, na ana macho ya mwewe.

“Madam, nimeona kuku.”

“Ndiyo.”

“Kwenye bajeti ya miti.”

“Ndiyo.”

“Hawa kuku watafanya nini kwa mto?”

Nikamweleza mambo ya mabinti, ukanda na kesi ya mipaka. Kisha akaniuliza fedha zinatoka mstari gani. Nikamwambia nimefuta ile warsha ya hoteli Kisumu, ambako tungekula mara tatu kwa siku tukijadili ushirikishwaji wa jamii. Nilisikia akicheka polepole, kama mtu asiyetaka wenzake ofisini wamsikie.

“Andika ‘Chakula cha wapandaji’,” akasema. “Na uniwekee paja.”

Siku ya kupanda, mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa laini. Nilikuwa nimepanga waje kwa makundi, kwa utaratibu, na majina. Walikuja wanavyotaka. Walishuka kwenye pikipiki wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, vikapu vya sukari na unga kichwani, wengine na wajukuu mgongoni, na kila aliyetokea kwenye kona ya miwa alipokewa kwa vigelegele na watu wa kwao. Kuna waliokuwa hawajakanyaga nyumbani tangu mazishi ya mwisho. Mmoja alikumbatiana na kaka yake waliyekosana, na miche yake ikasahaulika kwenye nyasi mpaka afisa wa misitu akaja kuiokota. Kisha wakavua viatu, wakafunga leso juu ya nguo nzuri, wakapanda. Ule mstari niliouchora kwa kamba ulipinda mara nyingi. Niliuacha hivyo. Nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya kutaka kumkumbatia kila mtu mwenye jembe.

Mimi nilipanda wangu karibu na chemchemi. Ulikuwa mkuyu mdogo usiofika goti. Baba mdogo alinishikia mche wima nilipokuwa nafukia, akaniambia nakanyaga kama mtu wa ofisini. Mama alileta maji kwa sufuria ileile ya matope, akaumwagilia.

Si miche yote iliyopona. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ikachukuliwa na maji. Lakini mabinti walirudi kupalilia bila kuitwa, kwa sababu sasa walikuwa na sababu ya kurudi, na wanaume waliokuwa wakigombania ukanda wakawa wanagombana na wenye mbuzi. Kufikia masika yaliyofuata mianzi ilikuwa imesimama na ukingo ulikuwa umeshika. Mama alichota maji bila kupiga magoti.

Ulipofika wakati wa kuandaa mpango mpya, nilikuta tena kwenye jedwali ile safu iliyo wazi. Sikutaka kuwasha moto upya, lakini mpango hauwezi kupita na nafasi tupu. Nikampigia mwenyekiti wa Migori, nikamwuliza kwa uangalifu niandike nini kwenye mwenye eneo. Alikohoa kidogo.

“Andika mabinti. Si ndio wanapapalilia? Hapa hata mtu wa boda ukimwambia ‘kwa mabinti’ anakuleta.”

Nikampigia baba mdogo bila kumwambia mwenzake amesema nini.

“Mimi siwezi kuandika hao watu,” akasema. “Andika nyinyi.”

“Sisi akina nani, Baba?”

“Nyinyi mliopanda.”

Niliandika “Mabinti”. Ni neno moja tu kwenye kisanduku kidogo, na halina nguvu ya hati ya shamba, mimi najua kuliko yeyote. Hata hivyo niliinuka nikazunguka meza, nikaketi tena, nikalisoma. Halafu nikampigia Mama. Nilimsomea mstari mzima kwa Kijaluo: mahali, kazi, wakati, mwenye eneo.

“Hapo mwisho rudia,” akasema.

Nikarudia.

“Na wewe umo?”

“Nimo, Mama.”

Nilimsikia akimwita jirani aje asikie, nikalazimika kusoma tena.