Kilima Nilichokipunguza

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifukuzwa kazi ya reli kwa sababu ya mabehewa mawili ya saruji. Alikuwa mtu wa swichi, yule anayeibadilishia treni njia, katika kituo kidogo kwenye reli ya Mombasa, upande wetu wa Makueni. Mchana mmoja alifungulia treni ya mizigo reli ya pembeni, na mabehewa hayo yalikuwa yamesimama huko. Treni ikayagonga, yakalala. Hakuna aliyeumia. Wakubwa wakamwita Nairobi, wakatandaza ramani ya kituo juu ya meza, wakapiga mstari kwa rula kutoka kwenye swichi hadi kwenye mabehewa, wakasema mtu akisimama hapa lazima aone pale. Mjomba akawaambia kwamba katikati kuna kilima. Wakamwonyesha ramani. Ramani haikuwa na kilima.

Akarudi kwetu Kathonzweni bila kazi. Kanisani watu wakaanza kumtaja, kwa upole sana, kuwa ni yule ndugu aliyelala kazini.

Ndipo akaanza kujenga. Alipanga mbao za mti wa mukau chini ya kibanda cha kuwekea mahindi, zikatosha ukubwa wa milango miwili, akaziinua kwa miguu iliyomfikia kiunoni. Alikuwa amekariri kituo chote kwa hatua zake mwenyewe, na kila hatua ishirini akazifanya shibiri moja. Reli zilikuwa waya wa ua ulionyooshwa kwa nyundo. Mataruma ya kulalia reli alichonga kwa kisu, moja moja. Mabati ya stesheni yalitoka kwenye mikebe ya dagaa. Kilima alikifinyanga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akapandikiza juu yake nyuzi za katani zilizokatwa fupi, zikawa nyasi za kiangazi. Karibu na swichi akasimamisha mtu wa mti, mrefu kama pingili moja ya kidole cha shahada, mkono mmoja kwenye mtaimbo wa swichi. Huyo alikuwa yeye.

Jumapili baada ya ibada watu walipitia kwetu kutazama. Mjomba alizungusha pedali ya baiskeli kuukuu iliyofungwa uzi, na treni ya mikebe ikatambaa kutoka upande wa Mombasa. Kisha alimchagua mtu mmoja na kumwambia ainame, aweke shavu kwenye mbao na jicho nyuma ya kichwa cha yule mtu wa mti.

Namkumbuka mweka hazina wa kanisa, mama mnene aliyependwa na wote, akisita mbele ya ile meza.

"Nikiinama hapa nani ataniinua?"

"Bwana atakuinua siku ya mwisho," mjomba akasema. "Weka jicho. Unaona nini?"

"Naona udongo."

"Na mabehewa?"

"Mabehewa gani?"

"Sasa enda uwaambie hivyo wale wa kwaya."

Watu wakacheka, na mama akainuka na vumbi shavuni. Namna hiyo, jicho baada ya jicho, mjomba alikuwa akijirudishia jina lake. Sisemi kwamba hakufurahia kazi yenyewe. Kadiri miaka ilivyokwenda aliongeza vitu ambavyo havikuwa na haja katika kesi: tangi la maji, mwanamke wa machungwa, mbwa aliyelala kivulini. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi jikoni mwa treni alimletea taa ndogo ya stesheni aliyoitengeneza kwa kifuniko cha dawa ya meno. Wakakaa siku nzima wakibishana mahali pa kuitundika.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini na digrii ya jiografia, nikingoja barua ya kuajiriwa ualimu. Barua haikuja. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeshajieleza kichwani kwa watu wasioniuliza kitu. Kibanda cha mjomba kilinipa mahali pa kuweka mikono. Nilimtengenezea migunga kwa vijiti na sponji iliyopakwa rangi, nikanyoosha reli zilizopinda kwa joto. Alikuwa akiniita Digrii. "Digrii, shika hapa." "Digrii, hiyo gundi ni ya uji ama ya reli?" Nilikuwa na furaha kiasi changu.

Kisha habari zikaja kutoka mji mdogo wa Salama. Mmoja wa wale wakubwa waliokaa kwenye ile meza ya Nairobi alikuwa amestaafu, ameokoka, na alikuwa akizunguka makanisa ya wilaya akihubiri. Jumapili ya pili angefika kwetu. Mjomba alituma ujumbe kwamba baada ya ibada angependa kumwonyesha kitu. Jibu likaja kwamba atakuja kwa furaha.

Mjomba aliosha mabati ya stesheni kwa mswaki. Mimi nikaacha kulala. Nilijiuliza, kama huyu mzee anakijua kituo, atauliza vipimo. Atauliza kilima kina urefu gani, na mjomba atasema kwa hatua, na mzee atatabasamu mbele ya kanisa zima. Nilimwona akitabasamu kila nilipofumba macho. Hatua za mtu anayejitetea si kipimo, nilijiambia. Nilikuwa na digrii ya kitu hichohicho, na sikuwa nimeitumia hata mara moja.

Kwa hiyo nilisema naenda kuulizia barua yangu, nikaenda kituoni na futi kamba, kamba ya katani na daftari. Nilipima siku mbili. Umbali wa mjomba ulikuwa sahihi kwa namna ya kutisha. Hakukosea hata pale penye tangi. Lakini kilima, niliposimama kando yake, kilinifika kifuani. Mbuzi walikuwa wakila juu yake. Nilisimama kwenye swichi nikatazama, na ng'ambo ya kilima niliona mgongo wa behewa lililokuwa limesimama, na nusu ya mlango wake. Niliandika kila kitu. Niliona pia kwamba upande mmoja wa kilima ulikuwa umekatika wima kama mkate, nikaandika "mmomonyoko wa mvua", nikapiga mstari chini yake.

Sikumwambia mjomba. Nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia. Kila nilipoanza, niliona njia tatu ambazo maneno yangu yangemuumiza, nikangoja nipate ya nne. Jumapili alikwenda kanisani mapema kumpokea mgeni. Nilibaki kibandani na kisu cha kuchongea. Nikajiambia kwamba kilima cha uongo kikigunduliwa na yule mzee kitammaliza, na kwamba cha kweli, hata kikiwa kifupi, kitaonyesha heshima. Nusu ya behewa si behewa zima. Mtu anaweza kukosa kuona nusu. Nilikata vidole viwili vya udongo, nikalainisha kwa maji, nikarudisha nyasi za katani. Ilikuwa kazi safi. Sitaki kujidanganya: nilipenda kuona jinsi ilivyolingana na daftari langu.

Walikuja mchana, mgeni, mchungaji na kama watu ishirini. Mgeni alikuwa mrefu, mwenye suti ya kijivu na magoti yaliyolia alipoinama.

"Bwana asifiwe, ndugu yangu," alisema. "Nambie wapi."

"Hapo nyuma ya huyo mtu," mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Weka jicho."

Mgeni akaweka shavu kwenye mbao. Mjomba akauliza kama alivyouliza kila mtu, "Unaona nini?"

"Nayaona."

"Unaona nini?"

"Mabehewa. Mawili. Yameandikwa namba."

Mjomba alimsogeza mgeni kwa mkono, si kwa adabu, akainama mwenyewe. Akapapasa kilima kwa kidole. Alipoinuka hakumtazama mgeni.

"Nani amegusa kilima?"

"Nilikwenda kupima, mjomba," nikasema. "Kinanifika kifuani. Nimeandika."

Mgeni alinitazama kwa upendo. "Kijana amesoma," aliwaambia watu. "Mimi mwenyewe sikuwahi kukanyaga pale. Tulikuwa na karatasi tu. Leo nimefurahi kuona kwa macho." Akamshika mjomba bega. "Ndugu, sote tumewahi kusinzia mahali. Yamekwisha hayo."

"Kilikuwa juu," mjomba akasema.

"Yamekwisha," mgeni akarudia, na mchungaji akaomba, na wakanywa chai.

Jioni nilimkuta mjomba ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Aliniuliza nilipima lini. Nikasema wiki iliyopita.

"Wiki iliyopita." Alicheka kidogo kwa pua. "Kile kilima kilichukuliwa na watu wa barabara. Maramu, udongo wa kutandaza njiani. Barabara ya Mombasa ilipokuwa ikitengenezwa, malori yalikibeba miezi miwili. Nilikuwa nimeshafukuzwa. Nilikuwa nakwenda kusimama pale nikitazama wakikibeba. Ukipita kwenda Salama unakikanyaga."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Ningesema nini? Kwamba ushahidi wangu umelazwa chini ya lami? Ndiyo maana nikajenga." Alikuna kisigino chake. "Wewe ulikwenda siku mbili ukauliza futi kamba. Mimi nilikuwa hapa."

Nilisema nitakirudisha usiku huohuo, nitamfuata mgeni, nitamwandikia barua nieleze maramu, malori, kila kitu.

"Ukikirudisha sasa, watasema tumekipandisha."

Nilitafuta jibu la hilo. Natafuta mpaka leo, hapa kijijini Tulia ninakofundisha. Barua niliiandika mara nyingi, na kila mara niliisoma kwa macho ya mgeni, nikaona familia inayojitetea kwa kilima ambacho hakipo. Sikuituma.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, wakati wa ushuhuda, mjomba alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Alisema anataka kutubu mbele ya ndugu. Alisema mchana ule wa mabehewa alikuwa amelala, kwamba usingizi ulimshika na swichi mkononi, na kwamba kwa miaka yote amekuwa akiwadanganya watu kwa udongo. Aliomba msamaha. Kanisa lote likasema amina, amina ndefu, yenye furaha, na yule mama mweka hazina akaenda kumkumbatia akilia.

Nilikuwa benchi ya nne. Nilijua ni uongo, nami ndiye pekee niliyejua, na nilichohitaji kufanya ni kusimama. Nilianza kupanga sentensi ya kwanza. Nilifikiri nianze na barabara, kisha nikaona heri nianze na daftari, kisha nikafikiri labda amechoka na hili ndilo analolitaka, na nikisimama nitamvua nguo tena mbele ya watu. Mchungaji akataja namba ya wimbo. Watu wakasimama wote pamoja, na mimi nikasimama nao.