Kinyozi na Fizi za Shemeji

Kinyozi alipooa alipata mke na mbwa kwa mpigo. Mbwa alikuja na bibi harusi, akajilaza sebuleni, akala vizuri, na hakuna aliyemuuliza anaondoka lini. Ndiyo maana akaitwa Shemeji.

Sasa Shemeji amezeeka na kinywa kimeanza kunuka. Siyo kunuka kwa kusema "mh". Akipiga mwayo, mgeni anakumbuka ana safari. Halafu akaanza kutafunia upande mmoja, chakula kinamdondoka. Hapo mke akaacha kucheka.

Daktari wa mifugo akamfunua mdomo. Magego yana ukoga wa kahawia, fizi nyekundu, zimevimba.

"Ningemlaza kwa nusu kaputi nimsafishe, ning'oe mabovu," alisema. "Ila moyo wake umechoka. Akilala anaweza asiamke. Nitampa vidonge, na nyie mpigeni mswaki kila siku, upande wa nje tu, pale jino linapokutana na ufizi. Ukoga mgumu hautatoka, lakini fizi zikitulia hatutamlaza. Na mtumie dawa ya meno ya mbwa, siyo yenu. Mrudi tuangalie mwezi ujao."

Njiani kurudi nyumbani mke alimpapasa mbwa masikio. "Huyu nimemlea tangu anaenea kiganjani."

"Niachie mimi. Vichwa ndiyo kazi yangu."

"Amesema mdomo, baba."

"Mdomo uko wapi? Si kichwani?"

Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Jioni hiyo, wateja wameisha, Shemeji alifungwa shuka la kunyolea shingoni. Kinyozi akainua mdomo wa juu, akapitisha mswaki polepole, huku anampigia stori za mpira kama mteja yeyote. Shemeji katulia tuli. Kazi safi kabisa. Halafu mkono, kwa mazoea, bila kumshirikisha mwenyewe, ukachukua pamba, ukaichovya kwenye spiriti, ukapaka palipoguswa. Ndivyo anavyomalizia kila kidevu.

Safari hii ulikuwa ufizi uliovimba.

Shemeji alitoa sauti, fundi viatu wa jirani akadhani ni bawaba ya mlango. Kisha akapotelea chini ya kochi na shuka lake.

"Umempaka nini?" mke aliuliza.

"Nilikuwa namalizia."

"Naona. Kidogo tu ummalize."

Tangu siku hiyo, kinyozi akitokea mlangoni, pua ya Shemeji inainuka, na Shemeji mwenyewe anahamia jikoni. Mke naye alijaribu. Mbwa akafumba mdomo kama shahidi aliyetishwa. Vidonge alivimeza ndani ya nyama, lakini mswaki hataki kuuona, na mwezi unakatika. Mke akawa analala na mkono juu ya mgongo wa mbwa, anasikiliza anavyopumua. Kinyozi alilala amebanwa ukutani.

Aliyefumbua fumbo ni fundi viatu, siku alipokuja kunyolewa.

"Kaka, mikono yako inanuka spiriti. Ukinipa mkono tu nahisi nachomwa sindano. Sasa huyo mwenye pua kama ile?"

Kinyozi akainusa mikono yake. Hakusikia harufu yoyote. Miaka yote hiyo, angeisikia wapi?

Basi akahamishia kazi asubuhi, kabla hajagusa chupa yoyote. Ananawa kwa sabuni ya kipande, anakaa chini sakafuni. Shuka hakuna, mpira hakuna. Mwanzoni alipaka tu dawa yenye ladha ya kuku kidoleni, Shemeji akalamba akaondoka zake bila asante. Baadaye kidole kikaruhusiwa kugusa mdomo. Kisha akakizungushia shashi na kukipitisha kwenye ufizi taratibu, jino moja mawili, anaacha kabla mbwa hajachoka. Mswaki ulirudi mwisho.

Nje mteja anagonga. "Kinyozi! Mwenzio nina harusi!"

"Subiri, kuna mtu."

Mteja akachungulia dirishani. "Namwona mbwa."

"Ndiye huyo."

Mwezi ulipotimia, daktari alifunua mdomo, akabonyeza fizi, akabonyeza tena. Damu haikutoka. Uvimbe umepungua, wekundu umefifia.

"Halazwi," alisema. "Endeleeni hivihivi, kila siku, mpaka azeeke zaidi."

Mke alimkumbatia Shemeji. Kisha akamkumbatia daktari. Kinyozi alisimama nyuma yao, ameshika mkufu wa mbwa, na zamu yake ikafika.