Taa Zinazomsikia Mwalimu

Mtaani walimwita Fundi Friji, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Friji ikigoma kugandisha, aliegemeza sikio ubavuni mwake kama daktari anayempima mgonjwa, akasikiliza, kisha akamwambia mwenye mali, "Huyu bado anazo siku zake." Kwa mashine alikuwa na subira ya ajabu. Kwa mkewe, tangu kiharusi kimpige, subira hiyo ilikuwa imegeuka woga.

Mkewe alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, mpaka na mumewe alimwita Mwalimu. Kiharusi kilimwachia akili yake nzima, lakini kilimnyima mkono wa kulia, kikamfanya mguu mzito, kikamfunga ulimi. "Taa" ilitoka "haa", "pazia" likawa "paa". Fundi alimwelewa. Wageni walitabasamu na kutikisa kichwa bila kuambulia kitu, na hilo lilimuudhi Mwalimu kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi Fundi akahamishia karakana yake barazani ili awe karibu. Kutwa nzima ilikuwa kuitwa: washa feni, punguza runinga, funga pazia jua linaniumiza. Alikurupuka kila mara na bisibisi mkononi, na kazi za watu zikalala.

Shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, ndiye aliyeleta dawa. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi moja mjini.

"Shemeji, mambo hayo nyumba inaweza kuyafanya yenyewe," alisema. Akatoa mfukoni kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni. "Humu unaweka programu huria. Ni ya bure, na ukitaka unaifungua tumboni uone ilivyoshonwa, uirekebishe upendavyo. Haina mwenyewe wa kukufungia mlango."

Fundi alizipenda habari hizo. Kitu kisichofunguka hakuwahi kukiamini.

Kumbe programu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na mshabiki wake. Ya shemeji ilizaliwa kwa ajili ya filamu na nyimbo; taa na feni ilizijua juujuu tu. Ya pili aliitetea binti wa Mwalimu, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Hiyo ilitengenezwa kutawala nyumba: taa, pazia, feni, kitasa cha mlango. Muziki kwake ulikuwa mtoto wa kambo.

"Mjomba, unampelekea mama sinema wakati anahitaji mikono!" binti alifoka kwenye simu.

"Na wewe unataka kumwekea kiwanda sebuleni," mjomba akajibu. "Umeiona sura ya hiyo programu yako? Vitufe na michoro kama ramani ya umeme wa meli."

Fundi aliegemea upande wa mjomba. Jumamosi waliiweka programu yake, na kweli ilipendeza. Picha za filamu zilijipanga kwenye runinga kama vitambaa dukani, na katikati yake mjomba alikuwa ameweka mkanda wa harusi yao. Mwalimu aliutazama na machozi yakamlengalenga. Fundi akajisemea, kazi kwisha.

Haikwisha. Ili kuwasha taa, Mwalimu alipaswa kushika rimoti kwa mkono wa kushoto, atoke kwenye filamu, apite ukurasa huu na ule, na mara nyingi rimoti ilianguka kabla hajafika. Kisha mwito ulikuwa uleule. Fundi akaona tatizo ni yeye kutomwona mkewe kila dakika. Akamwomba mjomba aongeze kamera ukutani.

Mwalimu aliitazama kamera ile. "Toa," alisema.

Fundi alijifanya hajasikia. "Ni kwa usalama wako, mke wangu."

Mwalimu akashika mkono wa kiti, akainuka bila msaada wa mtu, akaburuta mguu mpaka ukutani, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuifunika kamera. Kisha akaegemea ukuta akihema. Fundi alisimama mdomo wazi, hajui ashangilie hatua zile au aone haya. Alimrudisha kitini, akachuchumaa mbele yake.

"Haya, niambie. Unataka nini?"

Ndipo alipogundua kwamba tangu mambo hayo yaanze hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu alianza kusema. Neno likakwama. Fundi alikuwa na mazoea ya kummalizia, lakini safari hii aliuuma ulimi akangoja.

"Sitaki... kutazamwa," alisema hatimaye. "Nataka... nisikuite. Nimechoka... kukuita."

Maneno hayo yalimwingia Fundi barabara. Siku zote alidhani mzigo wa kuitwa ulikuwa wake.

Jioni ileile walipiga simu kwa binti, spika wazi, mjomba naye yupo. Mwalimu aliwasikiliza wakibishana kidogo, kisha akauliza swali moja: "Ita... nielewa?"

Mjomba ndiye aliyejibu, na alisema kweli. "Dada, vile visemeo vya madukani, vinavyopokea amri kwa sauti, vimezoea watu wenye ndimi nyoofu. Ukikosewa huna pa kuvirekebisha. Na hii yangu haijui kusikiliza."

"Hii ya kwangu inafundishika, mama," binti alisema. "Tutarekodi maneno yako wewe, unavyoyasema wewe. Ukisema 'haa', basi 'haa' ndiyo taa. Ila itabidi uyarudierudie mno."

Mwalimu akacheka kwa pua. Kurudiarudia ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Mpwa wangu kanishinda," mjomba akakubali. "Lakini filamu zangu haziondoki!"

Wala hazikuondoka. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa: programu ya binti ikawa mkuu wa nyumba, ya mjomba ikabaki na runinga chini ya amri yake. Kamera ilishushwa.

Tangu hapo kila asubuhi, baada ya chai, Mwalimu aliketi mbele ya kipaza sauti kufundisha. Taa. Feni. Pazia. Mlango. Mwanafunzi alikuwa mzito. Aliambiwa taa, akafungua pazia. Aliambiwa feni, akawasha muziki mtaa mzima usikie. Siku moja, baada ya kukosewa mara chungu nzima, Mwalimu alipandwa na hasira.

"Mbumbumbu!"

Neno lilitoka zima, safi, kama zamani darasani, ingawa yeye darasani hakuwahi kumwita mtoto hivyo. Fundi alitoka barazani mbio, wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Mwalimu akashika mbavu. Na kwa kuwa hakuna neno alilolitamka vizuri zaidi, binti akalifanya ndilo la kuiamsha mashine. Ikawa, "Mbumbumbu, haa," na taa inawaka.

Haikuwa kila mara. Lakini alipoielekeza mashine, Mwalimu alivuta maneno taratibu kama alivyowavutia watoto, na baadhi yake yakaanza kunyooka. Mwuza mboga alipopita barazani na kuulizwa bei na Mwalimu, alijibu papo hapo, wala hakutikisa kichwa ovyo.

Ndipo Fundi alipokubali kwenda kutengeneza friji ya bucha, ng'ambo ya mji. Alisitasita mlangoni mpaka mkewe akamfukuza kwa mkono wa kushoto. Alirudi jua likitua. Pazia limefungwa, taa inawaka, na ndani muziki umepamba moto. Akabisha hodi.

"Mwalimu! Fungua, nimerudi!"

"Subiri!" sauti ilitoka ndani. "Wimbo... uishe kwanza."

Fundi alitua begi la spana, akaegemea ukuta wa baraza, akangoja huku akitikisa mguu kwa mapigo.