Amazi na Maji

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakivuka ziwa kila kukicha, nilimpeleka binti yangu kupimwa kama yuko tayari kuanza chekechea, hapa hapa Ujiji. Mimi nilikuwa nashinda sokoni nikiuza migebuka, samaki wa ziwani, na mtoto alilelewa na mama yangu, mtu wa Ilagala, aliyeongea Kiha kutwa nzima. Nafasi ile niliitaka sana. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka kukimbizana na mtoto.

Mwalimu alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akalishika. Akamwambia ahesabu vidole, akahesabu. Kisha akanyanyua kikombe na kummiminia maji kidogo kiganjani.

"Hii ni nini?"

"Amazi," akajibu, kwa sauti, kama bibi yake alivyomfundisha kuwajibu wakubwa.

Akamwonyesha picha ya kuku.

"Inkoko."

Mwalimu akaiweka picha chini. "Mama, watoto wa wakimbizi wana shule yao kambini."

"Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa Ujiji."

"Mbona mtoto anaongea Kirundi?"

"Hicho ni Kiha."

"Vina tofauti gani?"

Maji kwa Muha ni amazi, na kwa Mrundi ni amazi. Mtoto alikuwa amejibu kila swali sawasawa, ila muulizaji ndiye hakuyajua majibu. Tukarudi nyumbani bila nafasi.

Nilimsimulia mama nikidhani tutamlaani mwalimu pamoja. Badala yake, tangu siku ile akawa anamsemesha mjukuu wake Kiswahili cha kuokoteza, neno moja moja, na hadithi zake za jioni zikaisha, kwa sababu kwa Kiswahili hakuzijua. Mwaka uliofuata mtoto akasema maji, akasema kuku, akapokelewa. Mwalimu akamsifu kwamba sasa amekomaa. Nikamwambia ahsante, na mpaka leo ahsante ile inanichefua.

Baadaye mama akaugua, na homa ikamrudisha kwenye lugha yake. "Mpa amazi, mwana wanje," alimwomba mjukuu wake aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka shule, hata sare hajavua. Mtoto akaenda kwanza kufunga mlango, kisha akarudi kumwinamia.

"Bibi, sema maji. Wakikusikia watakupeleka kambini."