Mlalamishi wa Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla mafuta hayajashika moto, Perez Adero alitoa laana yake. "Wenye walizuia soko yetu wasipate usingizi!" Na Atieno, jirani yake anayekaanga samaki meza ya pili, huitikia, "Wasipate kabisa!"

Mwaka wa nne sasa. Kibanda chake pale ufuoni kilibomolewa kupisha soko jipya la samaki, akaambiwa asubiri kando ya barabara miezi sita tu. Kisha watu fulani wakaenda kortini kupinga ramani ya soko, ujenzi ukasimama, na vyuma vya nguzo vikaanza kula kutu. Perez akabaki chini ya turubai, mvua ikinyesha mafuta yanaruka na wateja wanatimua mbio. Alichotaka ni meza yenye paa kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Jamani, ni kikubwa hicho?

Siku ya kesi alivaa gauni la kanisani akaenda kuwaona maadui zake. Alikusudia kuwakodolea macho mpaka waone haya.

Nje ya mlango wa korti, wakili aitwaye Nasambu alikuwa akiita wateja wake, hao hao walalamishi.

"Wa kumi na nne, Perez Adero, yuko?"

"Ni mimi, lakini mimi sijashtaki mtu!"

"Mama, hii si sahihi yako?"

Ilikuwa yake. Akaukumbuka mkutano wa ukumbi wa kanisa, alikokwenda akidhani meza zinagawanywa. Karatasi zilizunguka, na asiyeandika jina hapewi soda.

"Hiyo nilisaini ya soda, madam."

"Zilikuwa karatasi mbili, mama. Ya pili tuliisoma, mkapiga makofi."

Makofi aliyakumbuka. Alikumbuka pia kwamba alisimama akauliza moshi wao wakaangaji utaenda wapi, maana ramani nzima haikuwa na jiko hata moja. Kumbe swali lake lilikuwa aya ya saba ya mashtaka, limeandikwa kwa Kiingereza kizito.

"Hiyo ndiyo nguvu ya kesi yetu," Nasambu akasema.

Perez akapiga hesabu. Kesi ikishinda, soko linachorwa upya, miaka mingine turubaini. Ikishindwa, anapewa meza asiyoweza kukaangia.

"Basi toa jina yangu."

"Inawezekana. Lakini tutaandika ombi, upande wa pili ujibu. Kesi itasukumwa mpaka mwaka ujao."

Akarudi nyumbani bila kujua kama amkasirikie wakili, mchoraji wa ramani au ile soda.

Kesho yake Atieno alimkuta anachochea moto kimya. "Uliwaona hao watu?"

"Niliwaona."

"Wakoje?"

"Ni watu tu."

Atieno akangoja laana. Ilipochelewa, akaitoa mwenyewe kwa sauti kubwa. "Wenye walizuia soko yetu wasipate usingizi!"

Perez, macho mekundu, aligeuza samaki upande wa pili.

"Hawapati," akasema.