Gosbert Alivyofyeka Upande Wangu wa Kompyuta

Mume wangu Gosbert hawezi kuona ardhi imekaa bure. Hapa Kaisho watu wanamtania, na mimi ndiye kinara wa kumtania. Amepanda maharage hadi nyuma ya choo. Siku moja kanisani, katikati ya mahubiri, nilimkamata anachungulia dirishani, anakipima kwa macho kijipande cha kando ya nyumba ya mchungaji. Haukupita muda kikawa na migomba. Alizaliwa Kimuli, kitinda mimba, na shamba la baba yao liligawanywa weee mpaka yeye akabakiwa na ukanda wa kupitisha mbuzi. Kwa hiyo namwelewa. Namwelewa, lakini ananichosha!

Sasa huyo ndiye niliyegawana naye kompyuta. Tulinunua moja, nikaigawa mwenyewe. Upande mmoja Windows, anakofanyia kazi za kikundi chao cha kahawa. Upande wa pili Linux, wangu, wenye programu ya kuandikia noti za muziki, maana mimi ni mwalimu wa kompyuta sekondari na jioni nafundisha kwaya ya usharika. Ukiiwasha, kwanza inakuuliza unataka kuingia upande gani. Nyimbo zote nilizotunga tangu tuoane zilikuwa upande wangu, na hazikuwepo kwingine kokote. Ndiyo, mwalimu wa kompyuta asiye na nakala. Nichekeni mmalize.

Jumamosi moja natoka mazoezi ya kwaya, namkuta Gosbert jikoni anamenya ndizi. Gosbert! Anamenya ndizi! Nikasimama mlangoni na mkoba wangu begani.

"Nani amekufa?"

"Karibu, Mama Benitha. Pole na kazi."

"Baba Benitha, nimeuliza nani amekufa."

Akaweka kisu chini. "Kompyuta," akasema.

Nikaenda chumbani mbio. Kioo kilikuwa cheusi, na maneno meupe pembeni: grub rescue. Nikajua mara moja. Ile programu inayokuuliza uende upande gani imeamka, na haioni mahali inapokaa. Na yenyewe ikikwama, hata Windows haiwaki.

"Umefanya nini? Nieleze yote, usiruke hata kidogo."

Akaeleza huku anaangalia sakafu. Windows ilimwambia nafasi imekwisha. Akatafuta, akakuta mchoro wa diski iliyogawanywa vipande, na kimoja hakina jina wala hakionyeshi kitu ndani. Windows haiwezi kusoma upande wa Linux, inauona kama mahali pasipo na mwenyewe.

"Nikaona ni pori," akasema. "Limekaa tu."

"Ukafyeka?"

"Nikafyeka. Iliniuliza kama nina uhakika."

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

Maawe! Hasira zikanipanda, nikamwambia maneno ambayo mwalimu wa kwaya hatakiwi hata kuyajua. Naye alisimama pale mikono imejaa utomvu wa ndizi, machozi yanamlengalenga, na mtu huyu hata alipomzika baba yake sikumwona akilia. Nikashusha sauti.

"Baada ya kufyeka, ulishapanda kitu juu yake?"

"Bado. Niliogopa, nikaizima kwanza. Kuiwasha tena, ikaja na hayo maneno."

"Basi usiguse hata kitufe kimoja."

Maana kufuta kipande namna ile ni sawa na kung'oa miti ya mpaka. Mazao yenyewe yanaweza kuwa bado yako shambani, mradi hakuna aliyelima juu yake. Nikatoa flashi yenye Linux niliyonayo kwa ajili ya mafunzo ya shule, nikaiwasha kompyuta kwa kutumia hiyo, nikafungua programu ya kutafuta mipaka ya zamani. Ikaanza kupekua diski taratibu. Inaweza kuona, inaweza isione. Nikakaa kitandani kusubiri.

Gosbert akaja akasimama mlangoni.

"Kama hazipo, nitakuimbia. Wewe uandike."

"Uimbe nini, wewe?"

Akaimba. Jamani, sauti ya Gosbert ni mbaya, sitawaficha! Aliimba wimbo wangu wa sikukuu ya mavuno, kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ubeti wa kwanza bila kukosea neno, akaingia wa pili. Nyumba yetu ni ndogo, na mimi hutunga kwa kuimba chini chini, yeye amelala ameelekea ukutani. Halafu akaingia ubeti wa tatu, ule wa mama anayefunga mbegu za maharage kwenye pindo la khanga wakati wa njaa, watoto wasizione wakaomba apike. Nikamwangalia. Hakuacha kuimba.

Mipaka ilionekana kabla ndizi hazijaiva. Nikairudisha, nikaweka sawa ile programu ya kuwashia, nikazima, nikawasha. Ikaniuliza: upande gani? Nikaingia wangu. Nyimbo zote zilikuwepo. Gosbert akakaa chini sakafuni akasema, "Asante Yesu," mara nyingi.

Nikaufungua wimbo wa mavuno. Una beti mbili. Ule wa tatu haukupotea siku hiyo, niliufuta mwenyewe kabla Benitha hajazaliwa, nikiona haufai, na nilikuwa nimeusahau kabisa.

"Baba Benitha," nikamwambia, "rudia ule wa mama na mbegu. Polepole, niandike."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza upya.