Maua Waliyoyakataa Mbuzi

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, nilipokuwa nimeolewa karibuni katika kijiji kilicho juu ya bwawa la Mtera. Mume wangu alishuka bwawani kuvua, akaniachia mbuzi, nao ndio waliokuwa akiba yetu yote. Malisho yalikuwa yamekwisha. Nami mtoto wa mjini, niliyekulia nyuma ya duka la vitambaa, nilimjua mbuzi wa kwenye sahani tu.

Kule majabalini kilikuwapo kichaka ambacho siku hizi watu wa Dodoma wanakipanda kwenye vyungu na kukiita waridi la jangwani. Shina limevimba chini, ngozi yake laini ya kijivu, matawi mafupi manene. Wakati wa kiangazi hakina jani hata moja, ila maua tele, mekundu ya waridi ukingoni na meupe kuelekea kooni. Nikajisemea, shina nene hivi halikosi maji. Nikalikata kwa panga.

Mbuzi walinusa, wakageuka. Laiti ningeishia hapo! Nikakatakata vipande vidogo, nikavichanganya na pumba na chumvi katika karai. Jike mmoja mwenye mimba akaanza kula.

Mama mkwe alikuwa anarudi na ndoo ya maji. Alipoona, alilipiga karai teke, pumba zikamwagika. Hakunitukana.

"Mwanangu, walikikataa?"

"Walikikataa, mama."

"Wamekuambia hapana, nawe ukawatilia chumvi?"

Yule jike alikufa kabla jua halijazama. Nililia sana, nikashika panga nikakifyeke kile kichaka. Mama mkwe akanizuia. "Kiache. Hakikuja zizini kwa miguu yake."

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini mimi siulaumu mkakasi. Ninachokuusia ni hiki: kitu kikikupendeza, watazame kwanza wanaoishi nacho, kisha uliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mtu akikuambia hapana, awe mwenzako anayekataa biashara au binti yako anayemkataa mchumba, usimrembeshee jambo lile lile ili alimeze. Keti naye, umuulize ameona nini.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wasioogopa kukuambia hapana.